Nuru Niliyomwongezea Mama

Mama alipofariki, mto Songwe ulikuwa umefurika. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Karonga, upande wa Malawi, alikwama ng'ambo siku tatu akiyatazama maji, na sisi tukazika bila yeye. Wazee walisema maiti haisubiri mto. Ni kweli, lakini niliwachukia kwa kusema hivyo.

Mimi ndiye niliyepiga video ya msiba. Pale kwetu Bondeni nilikuwa na chumba cha kuhariri picha za harusi, na kompyuta ya mtumba, maana miaka ile soko huria lilikuwa likituletea kila kitu, kizima na kibovu. Nikamtumia dada salamu: njoo, utamwona mama.

Nilipoanza kuitazama kazi yangu, moyo ulinishuka. Jua la mlangoni liliidanganya kamera, na uso wa mama ndani ya jeneza ulitoka mweusi tii. Kilichoonekana ni pamba ya puani tu. Nikiongeza mwangaza wa picha nzima, shuka jeupe liliwaka na kumeza kila kitu. Dawa yake naijua: usiguse picha nzima, chagua rangi moja. Ngozi zetu, kwa hesabu za kompyuta, ziko upande wa rangi ya machungwa. Nikaing'arisha hiyo peke yake. Shuka likatulia, mama akaanza kuonekana. Mbao za jeneza nazo zikang'aa, kwa kuwa mninga na ngozi ni rangi jirani, basi nikauzungushia uso duara ili mabadiliko yaishie mle.

Ningeishia hapo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilishasifiwa na maharusi wengi. Nikaipandisha nyekundu ya midomo. Nikapunguza kivuli chini ya macho. Mwisho nikaufifisha weupe wa pamba mpaka ikapotea. Nilikaa na mama asubuhi nzima, na sitaficha, nilifurahi.

Dada alifika maji yalipopungua, kitenge kikiwa na tope hadi magotini. Hata chai hakutaka. Nikamwekea kiti mbele ya kompyuta, nikamwonyesha, nikasubiri anishukuru.

"Gwe, we mdogo wangu, huyu amelala," alisema.

"Hapana, dada."

"Amelala! Tazama midomo! Mmemzika mama amelala! Nani alihakikisha? Nani alimgusa?"

Alikuwa amesimama, ameshika kioo kwa mikono miwili kana kwamba angemtoa mama mle ndani. Nikaona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

"Ni mimi, mdogo wako," nikamwambia. "Nimemwongezea rangi. Hakuwa hivyo."

"Basi ziondoe. Nimwone alivyokuwa."

Nikaziondoa moja moja. Nikabakiza ule mwangaza wa kwanza tu, wa kumfanya aonekane. Midomo ikarudi kijivu. Macho yakazama. Pamba ikatokea puani.

Dada akaiwekea kidole pamba ile, juu ya kioo.

"Sasa ndiye," alisema taratibu. "Sasa amekufa."

Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni. Nikakaa kando yake, na mimi nikalia. Kaburini nilikuwepo tangu jembe la kwanza, lakini nilifiwa siku ile.