Mama, Usinyanyue Mikono

Nakumbuka Jumamosi moja niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, mwanangu, na sikuwa na nia ya kumsimulia mtu yeyote mpaka jana, ulipoingia hapa Kabeza na mfuko wa satini, ukaitandaza kitandani kwangu na kuchukua mkasi. Juu ya godoro, Klaudina. Nilipokuuliza ni nani aliyekufundisha kukata kitambaa mahali panapobonyea, ukanionyesha simu. Huyo dada wa kwenye simu alikuwa na meza ndefu kuliko sebule yangu, lakini hilo hukuliona.

Sikukupigia kelele. Nilikwambia uweke mkasi chini tunywe chai, ukanuna, chai ikapoa. Basi leo nakuandikia, kwa sababu ukinuna husikii, na kwa sababu nguo unayotaka kuishona si yako. Ni ya mama yako, dada yangu, atakayoivaa siku watakapokuja kukuposa na koo mbili zikikaa zinatazamana. Mimi nami niliwahi kumshonea mama yangu nguo ya siku ya namna hiyo, tena kwa kitambaa cha namna hiyo hiyo. Kaa usome, na simu iweke mbali.

Siku ile aliyekuwa anaposwa ni mama yako, Spesioza. Tulikuwa na miaka michache tu tangu turudi nchini kwetu kutoka ukimbizini Karagwe, na cherehani yetu ya kukanyaga tulikuja nayo juu ya lori, imefungwa katikati ya magodoro kama mgonjwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeshona mapazia ya jirani na sare za watoto wawili, basi nikajiita fundi. Hakuna anayejitangaza ufundi kwa sauti kubwa kuliko mtu aliyeshona mapazia.

Bibi yako hakuniomba makubwa. Alitaka mushanana wa pamba: sketi, blauzi ya mikono mifupi, na kile kitambaa kirefu cha kupitisha begani. Pamba, alisema, rangi yoyote isiyopiga kelele. Mimi nikaona aibu. Wageni wanatoka Remera, watu wenye nyumba ya vigae, halafu mama yangu awapokee na pamba kana kwamba anakwenda kuteka maji? Nikapanda gari hadi sokoni Nyabugogo, nikasukumwa na wapagazi, nikakanyagwa, nikarudi na satini ya rangi ya asali. Ilikuwa inang'aa hata ndani ya mfuko.

Mama aliipitisha vidoleni. Akaiweka begani, ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena. Akasema, "Hiki kitambaa hakitaki kukaa na mimi." Nikacheka, nikamwambia hayo ni mambo ya Karagwe, hapa tuko mjini. Mama yetu alikuwa mtu wa kunyamaza. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na yeye aliupokea usemi huo kama amri. Hilo linaniudhi mpaka leo. Angenitandika kofi moja tu, akanirudisha Nyabugogo, tungepona sote.

Nikakata juu ya godoro. Ndiyo, usinitazame hivyo. Satini ikateleza, mkasi ukaifuata, na upande mmoja wa blauzi ukatoka mwembamba kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Fundi mwenye akili angekata upya. Mimi nilikula nafasi ya mshono, nikavuta hapa, nikalazimisha pale, mpaka pande mbili zikafanana kwa macho. Sindano niliyokuwa nayo ilikuwa ile nene ya kushonea sare, ikawa inaacha vitobo kila ilipopita. Tena satini ukiikata inafumuka nyuzi yenyewe, huwezi kuiachia kingo wazi. Mimi nilipitisha mstari mmoja wa uzi, nikapiga pasi kwa nje, nikaitundika ukutani na kuisifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama akavaa. Alinyanyua mikono atengeneze nywele, na kwapani pakalia trrr. Nikakimbia kuangalia. Mshono umeachia, nyuzi zinaning'inia, na nje magari ya wageni yameanza kuegeshwa. Sikuwa na muda wa kushona, na hata ningekuwa nao hapakubaki kitambaa cha kushika sindano. Nikatafuta pini, zile za kufungia nepi. Tatu kwapa la kulia, tatu la kushoto, na moja begani ili kitambaa kisianguke. Kisha nikamwambia mama yangu mzazi, siku anayomtoa binti yake wa kwanza, maneno ambayo nikiyakumbuka najiziba uso.

"Mama, usinyanyue mikono."

Alinitazama kidogo. Akasema sawa.

Unajua sisi hapa tunavyosalimiana. Maneno yakishasemwa na binti akishakubaliwa, watu wanasimama, wanakumbatiana upande huu na upande ule, mikono yote miwili. Mtu akikupa mkono mmoja siku ya kuunganisha ukoo, amekwambia kitu hata kama hajafungua mdomo. Mama alisimama viwiko vimeganda mbavuni, akawa anatoa ncha za vidole vya mkono wa kulia, mgeni baada ya mgeni. Akaja Bibi Konsolata, shangazi yake baba yako, aliyemlea baba yako tangu mdogo. Unamfahamu alivyo. Alikuja mikono imefunguka, anacheka tangu mlangoni mwa hema. Mama akampa ncha za vidole.

Niliiona mikono ya yule mama ikibaki hewani. Ikashuka, kwanza mmoja, halafu wa pili. Mimi nimeshika trei ya soda, na Mungu anisamehe, wasiwasi wangu wote ulikuwa kama pini inaonekana.

Siku ile wageni walikula, wakaaga, wakaondoka. Lakini nyumbani kwao Remera yalisemwa. Bibi Konsolata aliwaambia watu wake kwamba yule mwanamke ametupatia binti yake kwa ncha za vidole, kwa hiyo na sisi tumjue hivyo. Mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Mama yako aliishi kule akiitwa binti wa mama mwenye kiburi, yeye ambaye mama yake hata kuku alikuwa anawaomba njia. Alipopata mimba yako, akamwomba Konsolata aje siku ya kukupa jina, hakujibiwa ndiyo wala hapana. Na mtoto wa kwanza kupewa jina bila shangazi mkubwa wa baba yake, mwanangu, huo ni ufa ambao kila mgeni anauona.

Alasiri moja mama yako akaja kwetu na tumbo lake, akakaa na sisi kuchambua maharagwe. Machozi yakawa yanadondokea humo humo. Akamwuliza Mama, yule mama wa watu alikukosea nini? Bibi yako akaendelea kuchambua. Mimi nilikuwa nimeshika punje moja ya maharagwe, nikabaki nimeishika hivyo hivyo, kwa sababu pale ndipo nilipoelewa.

Spesioza alipoondoka nikamvaa Mama. Kwa nini hukusema? Neno moja tu, pini, yangeisha palepale. Akaniambia bila kuinua macho, "Ningesema nini? Kwamba mtoto wangu hajui kushona?"

Wakati ule nilikuwa nimeanza kupata wateja wawili watatu. Nani angemletea kitambaa fundi aliyemfunga mama yake kwa pini? Mama alilijua hilo, akaamua kubeba jina la kiburi ili mimi nibaki na jina la ufundi. Nililia, na sikulia kwa huruma, nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye na ukimya wake, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia na ile satini iliyokuwa imelala sandukuni inang'aa vilevile, haina habari.

Kesho yake niliitoa, pini zikiwa bado humo, nikaenda nayo Remera. Bibi Konsolata alinipokea mlangoni na hakunikaribisha kiti. Sikuwa na maneno mazuri ya kuanzia, basi niliigeuza blauzi ndani nje nikamwonyesha kwapani, nikamwambia ni mimi niliyeshona, na ni mimi niliyemkataza asinyanyue mikono. Alizigusa zile pini kwa kidole, moja moja. Zilikuwa zimeshaanza kutu.

"Mwaka muzima," alisema, "mie nachukia mwanamuke wa watu juu ya pini."

Kisha akanipa kiti, na huo ndio ukawa mwanzo wa kugombezwa. Alinigombeza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili chake kilipokosa makali akahamia Kinyarwanda, akarudi. Alisema nimeshona nguo ya kutazamwa, sikushona nguo ya mama yangu. Maneno yake mengine yamenipita, lakini moja nimelishika miaka yote hii na kila mteja nimemwuliza kabla ya kugusa mkasi: "Mbele ushike mukasi, uliza. Huyu mutu, siku ile, mikono yake iko na kazi gani?"

Nikaenda nikamnunulia Mama pamba. Niliifua kwanza, ikanywea palepale kwenye beseni badala ya kunywea mwilini mwa mtu. Nikaipiga pasi, nikafagia sakafu, nikatandika mkeka, nikakatia pale chini kwa magoti. Niliishikiza kwa uzi mrefu kabla ya cherehani, nikaacha nafasi ya mshono ya kutosha, na kwapani nikatia kipande kidogo cha kupanua ili mkono upande na kushuka bila kuvuta. Ilinichukua wiki nzima, kazi ya siku mbili.

Siku ya jina lako Bibi Konsolata alikuja. Alisimama pale uani, safari hii mikono ameishusha, anangoja. Mama akainuka kwenye kiti, akainyanyua mikono yake yote miwili juu, akamfuata. Watu wote walikuwa wanatazama nyuso zao, wengine wanapangusa macho. Mimi nilikuwa natazama makwapa. Mshono haukulia.

Sasa, mwanangu, sikiliza, na usininunie tena. Satini si adui yako. Ina watu wake na siku zake, na mwenye meza, sindano nyembamba na subira ataishona ikapendeza. Mahameli nayo utaijua, ukiikata kichwa chini inabadilika rangi. Kitenge chenye ndege usipokitazama kabla, utamvalisha mtu ndege waliokufa miguu juu. Kila kitambaa kina tabia yake na hakitabadilika kwa sababu wewe umekipenda. Lakini usianzie kwenye kitambaa. Anzia kwa atakayekivaa. Mama yako siku ile atakuwa anakutoa wewe, na atakumbatia ukoo mzima, na begani pake panateleza kama palivyokuwa pa mama yake. Mnunulie pamba nzuri. Kabla hujasema umemaliza, mvalishe, simama mbele yake, mwambie akukumbatie kwa nguvu zake zote, na utege sikio. Ukisikia uzi unalia, fumua uanze upya, hata kama wageni wako njiani. Na ukikosea, maana utakosea, sema ni wewe. Asiwepo mama wa kukubebea aibu yako kimyakimya.

Sindano nyembamba nimekuwekea kwenye kopo la majani ya chai, na sakafu nimefagia. Njoo kesho. Mungu akubariki, Klaudina, aitulize mikono yako juu ya kazi, na akupe nyumba ambayo kila anayeingia atakutana na mikono iliyo wazi, yote miwili, bila pini.