Waliomwitikia Bibi Zamwena

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto ina harufu yake, baina ya nyama ya kuchoma na kiatu kipya, na mimi nilikuwa naipenda kuliko udi. Siku ya harusi ya dada yangu, mwaka 1970, ua wa nyumba yetu Mutrah, mjini Maskati, ulinukia hivyo tangu asubuhi. Bibi Zamwena, mama yake mama, alichuchumaa mbele ya makaa akizigeuza ngoma zake mbili ndogo, anazigonga kwa kidole, anasikiliza, anazirudisha motoni. Kwao Unguja alikuwa muimbaji hasa, si wa kubahatisha. Harusi ya mtaa wa Ng'ambo asipoimba yeye, watu walisema haikunoga. Lakini tangu tuhamie Maskati baada ya mapinduzi, alikuwa hajaimba hata mara moja. Hakuwa na waitikiaji. Nyimbo zile mmoja hutupa mstari na wenzake wakaudaka, na wenzake walitawanyika, wengine Dubai, wengine Kairo, wengine hatukujua wako wapi.

Mama hakutaka aimbe. Wakwe zetu walikuwa watu wa Mutrah tangu na tangu, Kiarabu kitupu, na aliona tutachekwa. "Mama, nakuomba, usituaibishe mbele ya wakwe," alimwambia. Bibi hata hakugeuka. "Nnaimba leo. Nisipoitikiwa, ngoma hizi nnazitia kwenye makaa ziungue, na wallahi sitoimba tena." Bibi yangu hakuwa na mzaha wa namna hiyo.

Alasiri wanawake walijaa ukumbini. Bibi akaanza na taarabu, wimbo wa mapenzi, sauti nzito yenye mkwaruzo uliokuwa ukinisisimua mwili. Akatupa mstari, akangoja. Tukaitikia sisi wa nyumbani tu, vijisauti kama vya vifaranga. Mama wa bwana harusi akatabasamu kwa adabu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bibi akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Nikajua basi, yamekwisha. Kumbe wapi! Aliiacha taarabu, akaingia kwenye mapigo ya ngoma ya kale aliyofundishwa na mama yake shamba, kabla hajaona fidla wala ganuni za taarabu. Akaimba: "Nimefika, mama, nimefika!" Mlangoni mwa jiko alikaa Mama Salum, shangazi yake bwana harusi, akitwanga kahawa. Mchi ukasita. Kisha yule mama akainua uso akajibu kwa sauti iliyojaa nyumba: "Pokea mzigo, mama, pokea!" Kiswahili! Kimepinda kidogo, lakini Kiswahili. Dada zake wakamfuata, mabinti zao wakafuata, mabega yakaanza kucheza, na mchi wa kahawa ukawa ngoma ya tatu. Vigelegele vilipasua dari. Mama alimuuliza kwa Kiarabu kama anajua lugha yetu. Mama Salum akacheka. "Hata neno. Bibi yangu aliletwa hapa na jahazi kutoka pwani ya kwenu; kaniachia wimbo, maana yake kaondoka nayo." Sisi bwana, tulijiona tumeileta ngoma Mutrah sandukuni mwetu! Ilikuwako kabla wazee wetu hawajazaliwa. Bibi aliimba mpaka magharibi, na machozi yakimtoka hakuyafuta.

Tangu siku ile hakuna harusi ya Mutrah iliyomkosa, mpaka alipofariki. Sasa nakaa Bawshar, upande mwingine wa Maskati, na harusi zetu ni za kumbi zenye baridi na spika kubwa kuliko kabati. Sinung'uniki, keki zao nazila. Lakini ikifika zamu yangu ya kuimba naomba spika zizimwe. Sauti yangu si nusu ya ile ya Bibi, nayo imeanza kuchoka. Natupa mstari mmoja tu, na kabla sijaumaliza, ukumbi mzima, wa Unguja na wa Mutrah, umeshanifunika.