Kiti cha Bi Imekataa

Mke wangu aliishia darasa la tatu. Mimi sikufika hata hapo. Nilikuwa fundi viatu, na herufi alinifundisha yeye nikiwa na mvi. Lakini kila Jumamosi mchana alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya binti yetu, akafanya kazi iliyowashinda wasomi.

Binti hutunza ukurasa wa maelekezo ya programu moja ya hospitali. Ni ya bure, iko wazi kwa yeyote. Hospitali inayoitaka huijenga yenyewe kwenye kompyuta yake, ikifuata ukurasa ule mstari kwa mstari. Ukiipa uzito wa kichanga, inakwambia dripu yake iende matone mangapi kwa dakika.

Binti husema anayejua huruka hatua bila kujijua. Kwa hiyo alikuwa akiifuta kompyuta yote, anamkalisha mama yake, kisha anakaa nyuma, kimya. Mama anaandika kilichoandikwa, si zaidi. Ikigoma anasema, "Imekataa," na binti anarekebisha ukurasa. Mafundi wenzake wa mbali, wasiomjua hata kwa sura, walimwita Bi Imekataa. Mwisho wa kazi mama aliandika kwenye daftari namba ya toleo lililojengeka, kwani programu kila ikiboreshwa hupewa namba mpya.

Alipofariki, kiti kikabaki wazi miezi minne. Mimi nilikipangusa vumbi tu. Ukurasa binti aliurekebisha peke yake.

Jumatano moja akaja ameshika simu, uso umemshuka. Hospitali moja ya mbali ilikuwa imeijenga programu asubuhi ile. Saa tisa mchana wangeanza kuitumia katika wodi ya watoto wachanga. Yeye alikuwa ameufuata ukurasa mwenyewe, kila kitu kikakubali, lakini moyo haukutulia.

"Baba, kaa."

Nikamwambia mimi ni mtu wa gundi na misumari.

"Ndiyo maana."

Nikakaa. Mto ulikuwa bado umebonyea upande wa kushoto, alikozoea kuegemea. Niliogopa kukosea herufi moja nikaua mtoto wa mtu. Nikabonyeza herufi moja moja kama anayepapasa ukuta gizani. Nilipogeuka kuuliza, binti alitazama pembeni. Ndivyo alivyomfanyia mama yake.

Saa tisa kasoro dakika tano kompyuta ikaandika: tayari. Binti akashusha pumzi, akanigusa bega, akasema basi mimi ni Bwana Imekubali. Nikacheka kidogo. Kisha nikafungua daftari, maana mke wangu hakuinuka kitini bila kuandika. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na toleo la tatu. Mwandiko wake wa mwisho ulisema nne.

"Mwanangu," nikamuuliza binti, "programu nayo hurudi utotoni?"

Hakucheka. Akaupekua ukurasa, akaliona kosa: mwezi uliopita aliupanga upya, akabandika mstari kutoka nakala ya zamani. Mstari huo ulivuta toleo la tatu. Lilijengeka bila kugoma, lakini kwa mtoto wa chini ya kilo mbili lilizidisha matone. Ndiyo maana likatengenezwa la nne. Alipojaribu mwenyewe aliona "tayari", akaridhika.

Akapiga simu wodini kule. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika tatu. Nilikumbuka dripu ya mke wangu, nilivyoyahesabu matone yake siku zake mbili za mwisho hospitalini.

Mara ya tatu muuguzi akapokea.

"Dada, msifungulie dripu kwa namba ya kompyuta," binti akasema. "Hata moja."

Muuguzi akasema wa kwanza ameshapimwa, kilo moja na nusu, namba imetoka, na mkono wake uko kwenye kifungulio cha mpira wa dripu. Akasema anauondoa. Atahesabu mwenyewe kwa kalamu.

Binti akakaa sakafuni. Simu haikukatwa. Tulimsikia yule mtoto akilia, sauti nyembamba kama ya paka, tukasikiliza.

Mstari ukarekebishwa, kompyuta ikafutwa, nikakaa tena. Ikatoka nne. Nikaiandika chini ya mwandiko wake, imepinda. Binti akawasomea ukurasa mpya kwenye simu, wakaanza upya.

Sasa kila Jumamosi niko kitini. Woga haujaniacha. Ikiandika "tayari" siinuki. Nashika daftari kwanza, naangalia namba.