Njia Isiyopita Errezil

Floren Cordero alikuwa na sababu zake za kutaka safari yao iende bonde la Karrantza, na Jumamosi ile, katika jiko la chama chao cha mapishi, alizitoa zote kwa mkupuo: mapango yapo, ng'ombe wapo, barabara haina kona za kutapisha watu. Kwa mtu aliyeshika ngisi mkononi akimtoa utumbo, alisema kama diwani anayetafuta kura.

"Karrantza," alisema rafiki yake Balendin bila kuinua macho kwenye ramani, aliyoitandaza mezani na kuikandamiza kwa chupa za mvinyo wa tufaha. "Kila nikichora njia, wewe unaivuta Karrantza. Una mke wa pili huko, bwana?"

"Angekuwa na mke wa pili, angejua kuosha ngisi," alidakia Iñaxio kutoka kwenye sufuria ya jodari na viazi, sufuria ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuitia kijiko.

Walicheka, Floren akiwazidi kwa sauti. Safari yenyewe ilikuwa fupi: wafuate pwani, Mutriku, Lekeitio, Elantxobe, kisha wapande milimani hadi Errezil, walale, warudi. Kasoro yake ilikuwa moja. Kote huko watu husema Kibaski, lugha ya wenyeji, kutwa kucha, na Floren hakukijua. Watu wa Karrantza, kwa rehema za Mungu, nao hawakijui.

Kutokijua hakukuwa siri. Baba yake aliletwa na treni kutoka Extremadura, mbali kusini, kuja kusukuma toroli kiwandani, na mtaa wao ulijaa watu wa treni hiyo hiyo, Kihispania kiliwatosha. Lakini tangu ujana, kila Floren alipofungua mlango wa chama, wenzake waliokuwa wakipiga soga kwa Kibaski waliacha katikati ya sentensi wakahamia Kihispania. Hawakununa. Walihama tu, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili mgeni akae. Ukarimu wa namna hiyo, ukimrudia mtu mpaka anaota mvi, humla taratibu. Basi alipostaafu alitangaza mbele ya meza nzima kwamba anaingia darasa la jioni la Kibaski. Walimpigia makofi. Balendin alitoa chozi, akasingizia kitunguu.

Darasa alilivumilia hadi majani yalipoanza kupukutika. Siku hiyo mwalimu, binti wa rika la kitindamimba wake, alimwomba asimulie alichokula asubuhi. Floren alisimama, akafungua kinywa, akaketi. Hakurudi. Ila kila jioni ya darasa aliaga nyumbani, mkoba begani, akaenda kuketi baa ya mji jirani na gazeti la michezo. Bidii hiyo angeitia darasani, sasa angekuwa mshairi.

"Haya, sikia," alisema Balendin. "Tulitaka kukuficha mpaka siku yenyewe, lakini kwa vituko vyako vya Karrantza tutashindwa. Safari hii ni yako, zawadi ya darasa. Tukishatoka mjini, hakuna Kihispania garini mpaka turudi. Atakayeteleza ataosha vyombo hapa mpaka Krismasi."

"Na kule Errezil," Iñaxio akaongeza, "shangazi yangu Maxima anachinja jogoo. Nimemwambia wewe ndiye utakayesema maneno mawili mezani, kwa Kibaski. Hapati usingizi, bibi wa watu."

Ngisi alimponyoka Floren akatumbukia kwenye sinki. Shangazi Maxima walikutana kwenye harusi ya Iñaxio. Walikalishwa pamoja, hawakuweza kusemezana, basi mlo mzima bibi yule alimpigapiga shavu kama ndama.

Iñaxio, ambaye furaha humwondolea busara, alikuwa ameshapiga simu. Alisema maneno kadhaa akicheka, kisha akambandika Floren simu sikioni. "Msalimie."

Floren alimsalimia. Hilo hata watalii huliweza. Sauti nyembamba ikajibu, ikaendelea kwa furaha, ikapanda mwishoni, ikanyamaza. Ilikuwa imeuliza kitu. Balendin alikuwa ameinama mbele, midomo ikichezacheza, kama mzazi anayemtazama mwanawe jukwaani.

Ingekuwa rahisi kukata simu na kuulaumu mtandao. Floren alishaanza kukitafuta kitufe kwa kidole chenye wino wa ngisi. Kisha akaiona tena ile midomo ya Balendin, akamrudishia Iñaxio simu.

"Niliacha," alisema. "Tangu vuli. Nilikuwa naenda kukaa baa."

Iñaxio alimwambia shangazi yake neno la upole, akakata. Balendin alichukua kifutio, akaifuta njia ya Errezil, akaanza kuchora mstari wa kuelekea magharibi.

"Karrantza wana maharage mazuri," alisema kwa Kihispania kile kile cha siku zote. "Na mapango."

Hapo ndipo uso wa Floren ulipowaka kweli. Matusi angeyavumilia, hata majibu alikuwa ameyaandaa. Lakini hawa walikuwa wanasogea tena kwenye benchi ili akae.

"Rudisha Errezil."

"Ukakae bubu safari nzima, mzee?" aliuliza Balendin.

"Nitakaa bubu. Shangazi na anipige shavu. Lakini ninyi semeni Kibaski chenu, msihame. Anzeni sasa hivi."

Walitazamana kama watu walioambiwa wavue nguo. Iñaxio alikohoa, akasema jambo kwa Kibaski. Balendin akamjibu, akafika katikati, akamtupia Floren jicho, na ulimi ukarudi wenyewe kwenye Kihispania, kama punda anayejua zizi lake.

"Tena," alisema Floren, akigonga sinki kwa mpini wa kisu.

Balendin akaanza upya. Floren alinasa neno "jogoo", akanasa "Jumatatu". Mengine yote yalimpita. Aliinama juu ya ngisi wake, masikio yakiwaka moto, akasikiliza.