Plagi Kiganjani mwa Mama

Binti yangu wa kwanza anakata miti kwa msumeno wa petroli, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Mimi nina moyo wa kuku. Kikombe kikidondoka naruka. Yeye mikono yake imetulia.

Akirudi kazini hagusi injini. Anauweka msumeno kwenye meza ya uani, mbali na jiko langu, anaoga, anakunywa chai, mpaka upoe. "Mama," husema, "injini ya moto na petroli ni wake wenza. Usiwakutanishe."

Ukishapoa anafungua kifuniko, anachomoa waya wenye kofia ya mpira, anafungua plagi na kunipa. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yetu: anapoushughulikia msumeno, plagi inakaa kiganjani mwangu. Bila plagi hakuna cheche, na bila cheche meno ya mnyororo hayazunguki. Sheria niliitaka mimi, kwa woga wangu. Alicheka, lakini hajawahi kuivunja.

Juzi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja mbio. Tunamwita Chapuchapu, na jina halikumkosea. Mti ulikuwa umeangukia lango la mteja wake, na lori limekwama ndani.

Alimkuta binti yangu akipitisha brashi kwenye injini, katika vile vyuma vyembamba kama mapezi ya samaki, vilivyozibwa na vumbi la mbao.

"Shemeji, mwanao anaupiga mswaki msumeno?"

"Hapa ndipo injini inapopozea joto, baba mdogo," akajibu binti mwenyewe. "Pakiziba, inaungua."

"Wenzako wanakata, wewe unaosha!"

"Na hao wenzangu, vidole vyao vyote vipo?"

Nilicheka, shemeji akanuna. Binti yangu akakung'uta filta ya hewa, akairudisha, akakaza kitambaa alichofunikia tundu la plagi ili uchafu usiingie. Kisha akainama kupapasa mnyororo, jino baada ya jino, akitafuta lililovunjika. Chapuchapu akazunguka upande wa pili wa meza.

"Mbona mzima huu!" akasema, akakamata mpini, akavuta kamba ya kuwashia kwa nguvu zake zote.

Nilipiga ukelele. Kamba ikatoka fyuu, nyepesi kama uzi. Mnyororo haukutikisika. Vidole vya binti yangu vilikuwa bado juu yake.

"Msumeno wenu umekufa," akasema Chapuchapu.

Binti yangu aliinua uso, wala hakupandisha sauti. "Mama, hebu muonyeshe."

Nikafungua kiganja. Nilikuwa nimeikamata plagi mpaka ikanichora alama. Shemeji akaiangalia, akaviangalia vile vidole juu ya meno, akaketi chini palepale penye vumbi la mbao.

"Nipe sasa, mama, twende tukautoe huo mti," akasema binti yangu.

"Meno umeyamaliza?"

"Bado machache."

"Basi maliza," nikamwambia, nikafunga tena kiganja.