Dripu ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa chama chetu cha wakunga alizaliwa Ujiji, akakulia ufukweni mwa ziwa, na hakuweza kupanda boti bila kutapika. Hilo ndilo la kwanza linalonijia, na najua angenikemea kwa kuanzia hapo. Alipenda aonekane mtu wa maji kama kaka zake wavuvi. Tulipokuwa tukienda Mwamgongo kuwatembelea wenzetu wa zahanati, alikaa nyuma karibu na injini, ushungi kaukaza, kopo mapajani, na kila akimaliza kutapika alirudi kwenye sentensi aliyoikatiza. "Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema, suala la nyumba za watumishi..." Sisi mbavu hatuna kwa kicheko, yeye kakasirika kweli.

Nimeanza na kicheko kwa makusudi, kwa sababu nikianza na wodi nitashindwa kuendelea.

Chama chetu msikiwazie makubwa. Hakina ofisi. Tulikutana Jumamosi kwenye darasa la kuazima kule Gungu, wanawake wazima na nyonga zetu tumejibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Kiti cha mwalimu kilikuwepo, tena kizuri, lakini mwenyekiti hakukikalia hata siku moja. Alijibana nasi, magoti yakigonga ubao, na mtu akianza kutoa hotuba ndefu alimwambia, "Mwenzangu, mama wa watu anasukuma mtoto huko, fupisha." Alikuwa amestaafu zamani, na bado alijua ni nani kati yetu anafanya kazi peke yake, nani mumewe kamkimbia, nani kapangiwa kituo ambako usiku humulika kwa simu.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa peke yao. Nilipoanza kazi nilipangwa zahanati moja ya upande wa Ilagala, na huko mama mmoja alinifia baada ya kujifungua. Damu ilikataa kusimama. Nilifanya yote niliyofundishwa, gari la wagonjwa likafika wakati hakuna tena mgonjwa wa kubeba. Baada ya mazishi nilijifungia chumbani nikatangaza kwamba naacha kazi, narudi nyumbani kulima mihogo. Mwenyekiti alikuja kwa bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ninavyojijua, angeniambia neno moja tu la kunifariji ningemfukuza. Hakuniambia. Aliuliza sufuria iko wapi, akakaanga samaki wa migebuka kwa mawese, akanisimamia nikala, kisha akavaa aproni yangu. "Lala," alisema. "Leo zamu ni yangu." Nililala kama niliyepigwa rungu. Nilipoamka kulikuwa na mtoto mpya analia chumba cha pili, na mwenyekiti anamsemesha mama yake kwa Kiha, wanacheka jambo ambalo hawakunieleza. Sikuacha kazi.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba kiharusi kimemwangusha alfajiri akitia udhu, niliingiwa na wazimu fulani. Sikuwa peke yangu. Upande wake wa kulia wote ulikuwa umelala na sauti imepotea. Kundi letu la WhatsApp lilijaa dua, za Kiislamu na za Kikristo zimechanganyika, na katikati ya dua kila mtu anatoa maagizo. Apelekwe Mwanza. Apelekwe Dar. Apimwe hiki, apewe kile. Daktari wa hospitali alikolazwa alieleza kwa upole kwamba kwa hali ile hawezi kusafirishwa, na hata angesafirishwa, sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuliwi na ndege. Tulimjua daktari yule kuwa ni mkweli. Tulimchukia siku nzima.

Tukaenda kumwona. Utaratibu wa wodi ni ndugu wawili wawili, lakini nani atawazuia wakunga mlangoni? Tuliingia wote, na kitenge cha sare ya chama, tukakizunguka kitanda chake. Alikuwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa lake kabisa, lile lile la kutufupishia hotuba, na lilitupitia mmoja mmoja. Mdomo ulikuwa umeanguka upande. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamfuta mate kwa kanga.

Sasa, mgeni wa kawaida akifika kwa mgonjwa hukaa, hushika mkono, hulia kidogo, huondoka. Sisi hatujui kukaa. Mmoja alinyoosha shuka. Mwingine akahisi mapigo, mwingine akasoma chati kana kwamba kapewa zamu. Na kila aliyepita upande wa kichwani alitazama dripu. Wa kwanza aliona maji yanakwenda taratibu mno kwa mtu asiyeweza kunywa, akakifungua kidogo kile kigurudumu cha mpirani. Mimi nilifika, nikaona matone ni ya uvivu, nami nikafungua kidogo. Kila mmoja aliamini ni yeye pekee aliyegundua. Hakuna aliyesema, maana kati yetu dripu hairekebishwi kwa mkutano, mkono unakwenda wenyewe wakati mdomo unaongea mengine. Wakati tunaimba wimbo wa dua, yale maji yalikuwa yanamwingia kama ya bomba.

Nesi wa zamu aliporudi chupa ilikuwa tupu. Alikuwa binti mdogo, mwanafunzi wetu wa juzi, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempokea chamani. Alikuwa ameiweka ile dripu taratibu kwa makusudi, kwa sababu moyo wa mgonjwa ulikuwa umechoka, na alikwisha kuliandika hilo kwenye chati tuliyoisoma bila kuisoma. Mwenyekiti alikuwa ameanza kukohoa, pumzi zinakoroma kwa maji. Yule nesi alimwinua, akamwita daktari, ikachomwa sindano ya kutoa maji. Sisi tumesimama na vitenge vyetu vinavyofanana. Mkoromo ulipotulia, yule nesi alitugeukia.

"Shikamooni mama zangu," alisema. "Naomba mtoke."

"Marahaba," tulijibu, wote kwa pamoja, na tukatoka.

Nje tulikaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, kati ya mwanamke aliyekuwa na kapu la ndizi na mzee mmoja aliyesinzia. Nilikuwa sijawahi kulikalia benchi lile katika maisha yangu yote ya kazi. Nimelipita mara nyingi tu nikileta wagonjwa, nikiwaambia ndugu zao wasubiri. Hakuna kati yetu aliyemlaumu mwenzake, kwa sababu tulipoanza kuulizana ni nani aliyegusa dripu, mikono ilinyooka mpaka ikawa aibu kuendelea. Mwenzetu mmoja alicheka, cheko la ajabu, akasema mwenyekiti angekuwa na sauti angetufukuza kikao kizima. Kisha akalia. Daktari alituhakikishia kwamba lile halikumwongezea ugonjwa. Nusu nilimwamini.

Alifariki siku chache baadaye, mchana, wengi wetu tukiwa kazini. Alizikwa Ujiji jioni ile ile, kwa desturi yao, na watu walijaa mpaka njia ikazibika. Wanaume aliowapokea yeye walipozaliwa walipokezana jeneza begani. Yote hayo niliyaona na yote yalikuwa kama inavyotakiwa. Lakini kinachonirudia siyo mazishi. Ni asubuhi moja kabla hajafariki, nilipopata ruhusa ya kukaa naye.

Yule nesi alinikubalia niingie peke yangu kwa sharti. "Mikono mapajani, mama," alisema, na hakuwa anatania. Nilikaa mikono mapajani. Kwa sharti hilo nilimtazama mwenyekiti wangu kwa mara ya kwanza bila kumpima. Alikuwa amekuwa mdogo. Puani alikuwa na mpira wa kulishia, kwa sababu koo lilikuwa limesahau kumeza, na lolote ambalo angepewa mdomoni lingekwenda mapafuni. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilitaka kumwambia habari za kule Ilagala, kwamba bado nipo kazini na kwamba ni kwa sababu yake. Nilianza vibaya, nikajikuta namwambia bei ya dagaa imepanda. Jicho la kushoto lilinitazama kwa subira.

Binti yake akaingia na chupa ya uji. Alikuwa ameupika kwao, uji wa ulezi, mwepesi, ameutia maziwa. Alimimina kwenye kifuniko, akapuliza, akachukua kijiko.

"Mwanangu, hapana," nilisema.

"Kidogo tu, mama mdogo. Aonje."

"Hawezi kumeza. Utampalia. Anapewa maziwa kwenye mpira."

"Maziwa ya mpira si chakula!" Sauti ilimpanda, wagonjwa wengine wakageuka. "Mama yangu hajaonja kitu tangu aanguke. Ana njaa, namwona ana njaa. Wiki nzima mnaingia humu na vitenge vyenu, mnashika hiki mnashika kile. Wote wataalamu. Hakuna hata mmoja wenu anayeweza kumpa mama yangu kijiko cha uji?"

Mwenyekiti angejua la kufanya. Angeuliza sufuria iko wapi, angefanya jambo fulani dogo la kufaa, na yule binti angekaa chini akatulia. Mimi nililitafuta hilo jambo dogo chumba kizima, sikuliona.

"Hakuna, mwanangu," nilisema.

Aliniangalia kwa chuki ambayo sikumlaumu kwayo. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake, juu ya shuka, na harufu ya ulezi wa moto ilikuwa imetanda kitandani kote. Ndipo tulipomwona wote wawili. Mwenyekiti alikuwa amegeuza kichwa upande wa uji. Taratibu, kwa ule upande mmoja uliobaki kumtii, akafumbua kinywa.

Binti alinitazama mimi. Niliondoa mikono mapajani, nikakichukua kile kijiko, nikaurudisha uji kwenye chupa na kuifunga. Nilipoinua uso, kinywa cha mwenyekiti kilikuwa bado wazi, anatusubiri.