Ukoko wa kichwa uliokataa kutoka, na wembe tuliousubiri kutoka Chala

Wakuu, hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nikiongea, basi nimekuja kubishana na watu wa dawa za miujiza. Leo sina ubishi. Nataka kuwaeleza yaliyompata mtoto wa dada yangu, jinsi nilivyoyaona, hata pale ambapo hayanipi ushindi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nilimaliza chuo, Biochemistry, nikarudi Voi kukaa kwa dada yangu Wakesho huku nikituma maombi ya kazi. Yeye ameajiriwa kwenye hardware mjini. Shemeji ni fundi wa stima. Kwa hivyo mchana mtoto wao, tumwite Mwakio, alikuwa wangu.

Mwakio alikuwa na cradle cap. Ule ukoko wa manjano wenye mafuta mafuta unaoshika kwenye utosi wa watoto wachanga, kama wali uliogandia sufuria.

Kila mtu alituambia ni kawaida. Na kweli ni kawaida, nilisoma nikathibitisha. Unapaka mafuta, unaacha ulainike, unapitisha brashi laini, unaosha. Wengi hupona hata bila kufanyiwa lolote.

Wa Mwakio ulikataa.

Tulianza na mafuta ya nazi. Jirani yetu Mama Salma, mtu wa Mombasa, alituonyesha mwenyewe. "Yapashe kidogo tu, mwanangu, kisha umpake taratibu. Na usimkwaruze kwa kucha, utamtia kidonda."

Ukatoka. Tukafurahi. Ukarudi.

Kemisti wa kwanza akatupa shampoo ya fungus. Ukarudi. Wa pili akatupa tube fulani, nikasoma maandishi ya pembeni nikaona ina steroid kali.

"Hii ni ya mtoto kweli?" nikamuuliza.

"Madam, wewe ni daktari?"

"Hapana. Ila najua kusoma."

"Basi nenda ukausomee huo ukoko, labda utakusikia utoke."

Watu kwenye foleni walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ilikuwa jibu zuri. Lakini tube nilimrudishia.

Wakati huo Mwakio ameshapita mwaka mmoja, umri ambao kitu hiki kwa kawaida kinakuwa kimekwisha. Wake ulikuwa unashuka nyuma ya masikio. Swali langu likawa moja tu: huko chini ya ukoko ngozi inafananaje? Hakuna aliyekuwa anajua, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiona.

Nywele zilikuwa hazijawahi kukatwa.

Hapa lazima nieleze. Kwa kina shemeji, nywele za kwanza za mtoto hunyolewa na mamake baba, tena nyumbani kwao, Chala. Na huyo mama alikuwa hasemi na mwanawe. Shemeji alianza kuishi na Wakesho hapa Voi bila kumpeleka nyumbani kwanza, na mama mzee hakulimeza hilo.

Kwa hivyo nywele zikangoja ugomvi uishe. Zikawa nene, zikashikana na magamba. Juu yake Wakesho akamvalisha kofia ya uzi, maana watu wakimwona mtoto wanauliza kama hapa nyumbani maji yamekatwa. Joto la Voi mnalijua. Kofia ya uzi, mchana.

Nilimuuliza dada, sheria hiyo imetoka wapi? Kuna mtu aliyewahi kuivunja akaumia? Akasema hajui. Shemeji naye hajui. Siku moja nikachukua mkasi, nikamketisha Mwakio mapajani. Wakesho alinipokonya mkasi kabla sijafungua kofia.

"Wewe ukishakata utapata kazi Nairobi uende zako," aliniambia. "Mimi ndiye nitabaki hapa. Huyu mtoto akipata hata mafua, itasemwa ni mkono wangu."

Nyinyi mngemjibu nini?

Basi nikaamua kumfuata huyo mama mzee mwenyewe. Nilipanda gari la Taveta asubuhi, nikapita Mraru, nikapita Salaita, nikashuka kutafuta njia ya Chala. Nilimkuta shambani akifunga miche ya nyanya kwenye vijiti. Alinipa uji kabla ya kuniuliza shida yangu, kisha akaendelea kufunga.

"Nyanya, mtoto ana shida ya kichwa. Twende Voi umnyoe, tafadhali."

"Niende Voi kama nani?"

"Kama nyanyake."

"Nyanya gani ambaye hajaletewa mjukuu?" Hakuniangalia. "Mtoto wetu ananyolewa kwao. Hanyolewi kwa nyumba ya kulipia kodi. Mwambie mwanangu barabara hii inapita pande zote mbili."

"Akiugua zaidi je?"

Hapo ndipo aliniangalia. "Unamwombea mtoto ugonjwa uwe shahidi wako?"

Nilirudi na mkungu wa ndizi aliowatumia kina Wakesho. Nataka muelewe kwamba hakuwa mtu mbaya. Ndizi zilikuwa nyingi, na alizichagua mwenyewe.

Shemeji aliahidi kwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na kazi ya kuweka stima kwenye lodge fulani.

Kisha sikio la Mwakio likaanza kutoa usaha wenye harufu. Tulienda hospitali tukapewa dawa ya matone. Daktari aliinua kofia kidogo, akasema "cradle cap hii," akairudisha. Na huyo alisoma miaka mingi, wakuu, hakuwa nyanya wa Chala. Nasema hivi kwa wale watakaokimbilia kulaumu mila peke yake.

Usaha haukukoma. Akaanza homa na kukataa kula. Tukarudi, safari hii shemeji akiwemo, tukampata daktari mwingine, msichana mdogo hivi, wa rika langu. Alivua kofia yote. Alijaribu kutenganisha nywele kwa vidole, zikakataa.

"Hizi zitoke. Siwezi kutibu kitu nisichokiona."

Wakesho akasema, "Ngoja kwanza tumpigie mamake baba."

Daktari akatutazama mmoja mmoja. "Mwenye mtoto ni nani hapa?"

Shemeji alipiga simu, akaiweka sauti ya juu. Tukasikia mzee akihema. Shemeji akaeleza. Mzee akasema, "Msimnyoe. Nakuja sasa hivi. Nachukua leso tu."

Baada ya kungojewa tangu mtoto azaliwe, alikuwa anakuja. Kutoka Chala mpaka Voi ni safari. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa mikononi mwa dada.

Shemeji alikata simu. Akavuta pumzi. Akamwambia daktari, "Nyoa."

Nilitegemea kuona ngozi nyekundu. Tuliona madoa madogo ya zambarau, kama mtu amemchoma kwa ncha ya kalamu, kichwa kizima. Na upande wa kulia, juu ya sikio, palikuwa na mahali pamebonyea. Daktari alipagusa kwa kidole kimoja, akaacha haraka. Mfupa chini yake ulikuwa laini.

Wakesho aliokota kofia chini akawa anaikunja na kuikunjua.

Tulitumwa Mombasa. Wakapiga picha ya kichwa, wakakata kipande cha ngozi kwenda kupimwa. Jibu lilirudi na jina refu: Langerhans cell histiocytosis, LCH kwa kifupi. Ni ugonjwa adimu, seli za kinga zinakusanyika mahali pasipotakiwa na kula mfupa. Kwenye ngozi ya mtoto unaweza kujifanya cradle cap kabisa, na kuna madaktari ambao hawajawahi kuuona. Unatibiwa kwa dawa kama za saratani.

Mzee alitukosa Voi, akatufikia wodini Mombasa hata kabla ya jibu. Alikuwa amefunga wembe mpya kwenye kitambaa cheupe. Alitazama kichwa kilichonyolewa na kushonwa, akauliza, "Nywele mmeziweka wapi?"

Zilienda na takataka za hospitali. Shemeji ndiye aliyemwambia. Mzee aliurudisha wembe kwenye mkoba, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akashika mguu wa mtoto. Sikumsikia akimlaumu mtu.

Mimi nilimuuliza daktari wa Mombasa swali lililokuwa linanikera: tungemnyoa mapema ingekuwaje? Nilitaka aseme tungeliokoa sikio lake. Akasema pengine, pengine sivyo, hawezi kujua. Sikio la kulia halisikii tena.

Sasa mzee anaishi nasi, kwenye hiyo nyumba ya kulipia. Kabla ya kila clinic yeye ndiye anamnyoa Mwakio, maana madaktari wanataka kichwa kionekane. Ananyoa polepole, anapitisha kidole, anatafuta madoa. Anaona kuliko mimi.

Kwa muda madoa hayakuwepo. Tukaanza kupumua.

Wiki iliyopita alisimamisha wembe katikati ya kichwa. Hakuniita kwa jina. Alisogea tu pembeni, akanipa nafasi ya kuona.

Kesho tunarudi Mombasa.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Cradle cap nyingi si kitu, msitishike, mafuta na brashi laini vinatosha. Lakini ukiona haiishi na mtoto amepita mwaka, au inashuka nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya mapaja, au sikio linatoa usaha usiokoma, au kuna madoa ya zambarau ambayo ukiyabonyeza hayapotei, mpeleke mtoto akaangaliwe kichwa chote, bila kofia. Daktari akikwambia ni kawaida bila kutazama, mwambie atazame.

Walio na mtoto aliyetibiwa LCH ikarudi, naomba mniandikie hapa, hata kama habari zenu si nzuri. Wakesho anasoma huu uzi.

Na wengine niambieni: kwenu, kichwa cha mtoto kinasubiri ruhusa ya nani?